Mwaka Mzima Tukimngoja Askofu

Mume wangu Gaylen alianza kumwinda Askofu mwezi wa Januari, na kwetu Wisconsin msimu wa kuwinda kwa bunduki hufunguliwa Novemba. Hapo katikati ndipo tulipokuwa tunaishi sisi wengine.

Askofu alikuwa kulungu dume. Jina alipewa na Gaylen mwenyewe, kwa sababu pembe zake zilipanda juu zikakaribiana nchani kama ile kofia wanayovaa maaskofu, na kwa sababu alitokea mara chache sana, watu wote wakasimama kumwangalia, kisha akaenda zake bila kuaga. Dereva wa gari la maziwa aliwahi kumwona. Mimi nilimwona nikianika mashuka, akanitazama kama mtu aliyetumwa kukagua nyumba. Gaylen peke yake ndiye alikuwa hajamtia machoni, isipokuwa kwenye picha za zile kamera alizozifunga mitini.

Kama angekaa kimya na jambo hilo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini Ijumaa moja, tulipokwenda kula samaki wa kukaanga pale baa kwa Lorraine, alisimama na bilauri yake ya brandi akawatangazia watu wote kwamba msimu ujao kichwa cha Askofu kitakuwa ukutani. Lorraine si mtu wa maneno matupu. Alikwenda stoo, akaleta nyundo, akapigilia msumari kati ya saa na picha ya timu ya mpira ya shule.

"Msumari huo hapo," akamwambia. "Tusije tukasahau."

Basi tangu siku hiyo Gaylen hakupita mahali asiulizwe. Muuza mbegu alimuuliza. Kinyozi alimuuliza huku ameshika wembe. Hata mchungaji wetu, mlangoni mwa kanisa, alimshika mkono akauliza, "Vipi Askofu?" na mwanamke mgeni aliyekuwa nyuma yetu akamjibu kwamba alisikia anaumwa mgongo.

Nilimpenda Gaylen kwa ajili ya kicheko chake, ndivyo ilivyokuwa tangu ujana. Zamani alikuwa anakwenda msituni na mkate na soseji mfukoni, anarudi jioni bila kitu, na hadithi ya kindi aliyepanda juu ya buti lake akalala. Tulikuwa tunacheka mpaka supu inapoa. Sasa alirudi na ramani. Januari alifuata nyayo kwenye theluji. Machi alitafuta pembe zilizodondoka, akaipata moja ya Askofu, ya kushoto, akaiweka mezani pale ninapoweka maua. Nikamuuliza kama na yenyewe inahitaji maji. Akaniambia nisiiguse, ina harufu ya Askofu mwenyewe.

Harufu ndiyo iliyokuwa vita yetu kubwa. Nguo zake za msituni zilifuliwa kwa sabuni isiyonukia, zikaanikwa kwenye upepo, kisha zikafungiwa kwenye pipa la plastiki pamoja na udongo na majani ya msonobari. Jikoni nilikatazwa kukaanga vitunguu.

"Kulungu ananusa mbali sana, Ardis," alisema. "Unataka niende kule nikinuka kama hoteli?"

"Labda atapenda. Labda amechoka kula majani."

Hakucheka. Alichukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani, akatazama upepo unavuma kwenda wapi.

Ndipo Aprili wifi yangu Verna akarudi kutoka Arizona.

Verna ni dada mkubwa wa Gaylen. Alikuwa ameendesha basi la shule kule jangwani miaka mingi, mumewe alipofariki akaona hana sababu ya kuendelea kukaa kwenye joto. Alinunua kanyumba kadogo ng'ambo ya barabara yetu, akaja na ngozi iliyokolea jua kama buti la zamani na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto hamsini. Alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa anakwenda kuwinda na baba yao, Gaylen akiwa bado mchanga. Kwa hiyo alipomkuta mdogo wake nyuma ya ghala, amepiga magoti anapima udongo wa kijishamba ambamo angepanda majani ya kuwavutia kulungu, alifurahi sana, akapiga magoti naye.

"Tunapanda nini?" akauliza.

"Mimi napanda. Wewe unaniletea harufu ya marashi."

"Si marashi, ni mafuta ya kuchua. Goti hili lina umri mkubwa kuliko wewe."

Alimsaidia kupanda siku mbili nzima. Gaylen alikuwa mbele, ananyoosha mistari kwa kamba. Verna alikuwa nyuma, na kila alipofika mwisho wa mstari niliona mkono wake unaingia mfukoni mwa aproni, unatoka, unarusha kitu. Nilipomuuliza kwa macho, alinikonyeza tu. Mambo ya ndugu wa damu mimi huwaachia wenyewe.

Julai ndipo kulipozuka ugomvi. Gaylen alikuwa na desturi ya kukusanya kadi za kamera zake kila Jumapili na kukaa nazo mezani mbele ya kompyuta, miwani puani, kama hakimu. Rakuni, rakuni, jike na watoto wake, bata mzinga, rakuni. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia kiti kinasogea.

"Hiki nini?" akasema.

Kwenye picha alikuwepo Verna, amevaa gauni la kulalia na gambuti, ameshika matawi mawili makavu kichwani kama pembe, ameinama kana kwamba anakula majani. Picha iliyofuata aliinua kichwa akatazama kamera kwa wasiwasi, kama kulungu aliyesikia kitu. Ya tatu tulikuwa wawili. Ile asubuhi nilikuwa nimekwenda kumpelekea mayai, nikamkuta njiani na matawi yake, na kusema kweli hakuhitaji kunishawishi sana. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Gaylen hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alivuka barabara, mimi nyuma yake na mikono yenye povu.

"Mmekanyaga pale pale anapopita," akamwambia Verna. "Harufu zenu zitakaa wiki nzima. Nimefanya kazi tangu Januari, dada. Watu wote wa bonde hili wananingoja mimi."

Verna alikuwa anamenya maharage kwenye ngazi za mlango. Aliyaweka kando.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini?"

"Nitacheka Novemba," Gaylen akasema, na akageuka akarudi nyumbani.

Kisha Verna akarudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu: "Atacheka Novemba." Nikaanza mimi, akafuata yeye, tukacheka mpaka maharage yakamwagika yote ngazini, na ikawa ndiyo salamu yetu kiangazi chote. Mkono ukiungua kwenye sufuria, tutacheka Novemba. Mvua ikinyeshea nguo, tutacheka Novemba.

Lakini usiku ule kitandani nilimsikia Gaylen akihema kama mtu aliyebeba gunia, nikamhurumia. Hakuwa mchoyo wala mwenye hasira. Alikuwa tu amechukua kitu alichokipenda kuliko vyote akakigeuza kuwa kibarua, na tajiri wake alikuwa ule msumari.

Verna naye alikuwa na mpango wake. Asubuhi moja alikuja na bunduki ya marehemu baba yao, ameifunga kwenye blanketi.

"Wifi, mwaka huu na wewe unachukua kibali cha kuwinda."

"Mimi? Wee, mimi hata panya namfukuza kwa ufagio."

"Ndiyo maana. Hakuna mtu hata mmoja anayekutegemea. Unajua raha yake ilivyo?"

Sikuijua, lakini niliijua upesi. Agosti yote tulipiga sahani za karatasi tulizozibandika kwenye marobota ya nyasi nyuma ya kwake. Mara ya kwanza niliikosa sahani, nikalikosa na robota. Verna akapiga makofi. Akasema sauti ya mlio ilikuwa nzuri. Nilipoitoboa sahani pembeni kabisa, tulikwenda kula aiskrimu mjini kwa heshima yake. Nilijifunza kupumua, kusubiri, kubonyeza bila kukurupuka, nikajikuta naamka mapema kwa hamu, mimi mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, nakimbilia kutoboa sahani. Gaylen alitusikia. Jioni moja alikuja kusimama kando ya uzio, akasema, "Kiwiko kiko juu mno," akaondoka. Kiwiko kilikuwa juu kweli.

Septemba Gaylen alirudi kutoka kwenye kijishamba chake amekunja uso.

"Kuna maboga," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye majani yangu. Maboga kila mwisho wa mstari. Makubwa."

Kutoka ng'ambo ya barabara tulisikia mlango wa Verna ukifungwa taratibu.

Jumapili iliyofuata alikaa na kadi zake, na mimi nikajifanya nafuta kabati ili niwe karibu. Kulungu walikuwa wamekuja kwa yale maboga kama watu wa harusi. Walikuwa wameyapasua kwa kwato, wameyala nusu nusu. Kwenye picha moja rakuni alikuwa ameingia ndani ya boga lililotobolewa, kichwa tu nje, anashangaa. Na nyuma yake, mchana kweupe, karibu kuliko alivyowahi kuonekana, alisimama Askofu na kofia yake yote, anamtazama rakuni kama anajiuliza amwambie nini.

Gaylen aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Nilimwangalia shavu. Lilicheza. Alibana midomo, akasimama, akaenda bafuni akafungua bomba la maji, na hata leo hajakubali kwamba alikwenda kucheka.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi ya baridi kali, theluji nyembamba chini, matawi hayatikisiki. Gaylen alikwenda peke yake kwenye ulingo wake juu ya mwaloni mkubwa, mahali alipopapima mwaka mzima. Mimi na Verna tuliingia kwenye kibanda cha mbao upande wa pili wa kilima, tumevaa majaketi ya rangi ya chungwa yaliyotufanya tuonekane kama alama za barabarani. Tulikuwa na chupa ya kahawa, jibini, soseji kavu na biskuti za tangawizi. Ile chupa ilikuwa inalia kama bata kila ukizungusha kifuniko. Ililia mara ya kwanza, tukatazamana. Ililia ya pili, Verna akauma glavu yake. Nilikuwa nimeinamia magoti, machozi yananitoka, najaribu kucheka bila mabega, ndipo tuliposikia mlio wa bunduki upande wa Gaylen. Mmoja tu. Jua lilikuwa halijatoka sawasawa.

Tulingoja kidogo kama inavyotakiwa, kisha tukapanda kilima, Verna na goti lake, mimi na chupa.

Askofu alikuwa amelala kwenye majani ya mwaloni. Gaylen amevua glavu, mkono wake uko shingoni mwa mnyama. Nilitegemea nimkute analia au anarukaruka. Alikuwa ametulia kama mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka.

"Hongera, mdogo wangu," Verna akasema kwa upole. "Umempiga vizuri. Hakuteseka."

"Nilikaa," Gaylen akasema. "Nikafungua mfuko nitoe biskuti. Akatokea. Nikapiga." Alitutazama. "Sijala hata hiyo biskuti."

Upepo ulipita juu yetu.

"Ndiyo basi?" akauliza. "Mwaka mzima, na ndiyo basi?"

Kisha akasema jambo ambalo mwenyewe alilionea haya. Alisema kwamba kwenye picha alionekana mkubwa zaidi. Hakuwa mdogo, Askofu. Alikuwa dume mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona karibu. Lakini pale chini alikuwa kulungu, mwenye tope magotini na mvi kidevuni, na hakuna kulungu duniani ambaye angetosha kujaza vile alivyokuwa amengojwa. Verna alimwondolea jani usoni. Nikamimina kahawa, chupa ikalia kama bata, na Gaylen akainywa akiwa amesimama.

Jioni tulimpeleka kwa Lorraine nyuma ya pikapu. Watu walitoka nje na bia zao, wakazunguka, wakashika pembe, wakahesabu ncha zake kwa vidole. Gaylen alipigwa mabega mpaka kofia ikamkaa upande. Alikuwa anashukuru, anatabasamu tabasamu la picha ya pasipoti. Kisha mzee Ingvald, ambaye husema lililo moyoni, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi," akasema.

Nilimshika Gaylen mkono kwa nguvu. Tukaingia ndani, Lorraine akamwekea brandi, akauonyesha ule msumari kwa kidole. Akamwambia kichwa kikishatengenezwa akilete, pale ndipo pake.

"Na mwakani je?" akaendelea, papo hapo, hata brandi haijafika mdomoni.

"Mwakani nini?"

Kijana mmoja mwenye ndevu akageuka kwenye kiti chake. "Kuna mwingine kule kwa akina Halvorson," akasema. "Huyu wako hafiki hata begani kwake. Sisi tunamwita Papa."

Watu wote wakamtazama Gaylen, sura zao zimejaa matumaini. Na Lorraine, akifuta mikono kwenye aproni, akauliza, "Nani ameona ile nyundo?"

Gaylen akapiga funda la brandi, akainama, nikadhani anaumwa. Kisha mabega yakamcheza, na brandi ikamtoka puani. Alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, chenye mluzi mwishoni, akaegemea kaunta, akajaribu kusema neno, akashindwa. Verna akaniangalia. "Novemba," akasema, na hapo na sisi tukaangua kicheko. Watu wakaanza kucheka bila kujua kisa, mpaka mzee Ingvald akawa anajipangusa macho kwa leso na kuuliza jamani kuna nini.

Gaylen alipopata pumzi alimrudishia Lorraine bilauri.

"Msumari mmoja unanitosha," akasema. "Papa nawaachia ninyi. Mimi kesho naenda kuangalia kindi."

Asubuhi niliamshwa na harufu. Nilishuka nikamkuta jikoni, amevaa zile nguo zake za msituni, anakaanga vitunguu na soseji, mafuta yanaruka sufuriani, moshi mpaka darini.

"Kibali changu kilikuwa cha dume mmoja tu, kimekwisha," akasema. "Leo mimi ni mpishi wenu. Mnataka mayai?"

Siku zilizobaki zilikuwa za raha ambayo sijui niieleze vipi. Gaylen alijibana nasi kwenye kile kibanda kama kaka mdogo aliyeruhusiwa kwenda na wakubwa. Alibeba viazi vya moto mifukoni vya kutupasha mikono, kisha akavila. Alitupa majina ya ndege. Alilala akakoroma, jike na wanawe wawili wakapita mbele yetu huku Verna amemziba pua. Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Alhamisi ya Novemba, tulikula bata mzinga mapema ili tuwahi kurudi msituni, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza tumepata nini, kwa kuwa hakuna aliyetutegemea tupate.

Jumapili ya mwisho ya msimu, alasiri, theluji nzito ilikuwa imeshuka. Jike pevu, peke yake, alitoka kwenye misonobari akashuka taratibu kuelekea kijito. Niliinua ile bunduki ya baba mkwe. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia kwenye meno.

"Usiwe na haraka," Gaylen akaninong'oneza. "Mwangalie kwanza. Mwangalie tu."

Nikamwangalia. Mvuke ulikuwa unamtoka puani. Sikio moja liligeuka nyuma, likarudi. Alikuwa mzuri kiasi kwamba nilitaka kumuita mtu aje amwone, halafu nikakumbuka kwamba watu niliotaka kuwaita wote wako pale, mmoja kila upande. Nikashusha pumzi. Nikabonyeza. Akaenda hatua chache, akalala.

Niliweka bunduki chini nikalia kidogo, na Verna akalia kidogo, na Gaylen akanishika kichwa kwa mikono yake miwili juu ya kofia. Hakuna aliyesema ni mkubwa au ni mdogo.

Tulipomaliza kumtoa matumbo, Gaylen alileta sleji ya plastiki, chombo cha kuteleza juu ya theluji, tukamfunga jike kwa kamba, tukaanza kumteremsha. Mteremko ule ni mkali. Katikati Verna akateleza, akakaa juu ya sleji bila kukusudia, na sleji ikaona imepewa ruhusa. Kamba ikaniponyoka mkononi. Tuliwatazama wakienda, wifi yangu na kulungu wangu, wakipita kati ya miti, theluji inaruka pande zote, jaketi la chungwa linawaka, mpaka wakasimama taratibu kwenye nyasi kavu karibu na kijito.

Gaylen akaita, "Dada? Umeumia?"

Kutoka chini ikaja ile sauti yake ya basi la shule: "Mfungueni huyu mama wa watu apumzike. Mimi narudi juu."

Tulishuka tukamfungua jike, tukamlaza kwenye theluji safi kwa heshima yake, Gaylen akamfunika na jaketi lake. Kisha tukaivuta sleji tupu kilimani, tukihema, tukisukumana. Gaylen alikaa mbele akasema yeye ndiye anajua njia. Verna akakaa katikati. Mimi nikakaa nyuma, nikawakumbatia wote wawili kadiri mikono ilivyofika, nikasukuma kwa mguu.